Nyuki Waliooshwa

Sirisia, Bungoma
5 Machi 2023

Kwa binti yangu Teresa,

Mulembe, mwanangu. Sisi huku tu wazima, ni mgongo wangu tu unaotaka kustaafu kabla yangu. Wewe je? Kampala inakulisha? Na Shafiq, tajiri wako wa studio, bado anakupigisha picha za pasipoti kutwa nzima? Msalimie sana.

Najua utasema, si ungepiga simu tu. Simu nitapiga, lakini maneno ya simu hayakai, na hiki ninachokutumia hakipiti kwenye simu. Kimo ndani ya kiberiti nilichompa kondakta wa basi pamoja na barua hii. Fungua polepole. Ni nyuki wangu.

Wanakufa, Teresa. Kila asubuhi nakuta wametapakaa chini ya mizinga ile aliyoianzisha marehemu mama yako. Wengine bado wanatambaa kwenye majani, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyoloa. Nawaokota mmoja mmoja, mzee mzima nimepiga magoti, na sina la kuwafanyia.

Watu wanasema ni Khisa. Amepanda nyanya ng'ambo ya kijito na anapulizia dawa. Mimi nimewaambia wafunge midomo. Khisa ni rika langu, tulisimama mbele ya kisu cha tohara asubuhi moja, na mpaka leo anajigamba kwamba mimi nilipepesa macho na yeye hakupepesa. Mtu wa rika lako hashtakiwi kwa uvumi. Lazima nijue kwanza.

Wewe una ile kamera inayofanya mguu wa sisimizi uwe kama gogo. Waangalie hawa. Kama kuna mdudu au ugonjwa, niambie. Kama hakuna, basi ni sumu, na nitajua pa kwenda.

Ni mimi baba yako,
Wamalwa


Kamwokya, Kampala
26 Machi 2023

Mulembe, Baba.

Natumaini mgongo umekusikia na umetulia. Mimi ni mzima, ila Kamwokya hii haijui kunyamaza. Spika za vibanda vya muziki zinatingisha ukuta, na picha zangu hazitaki hata boda ipite barabarani. Nimeiweka meza juu ya matairi makuukuu ili isitikisike. Shafiq anacheka, ati mpiga picha wake amegeuka fundi wa panchari.

Kiberiti kilifika salama. Acha nikueleze nilivyofanya, maana nakujua, utauliza. Katika ukubwa ule, Baba, chembe ya vumbi ni jiwe. Ukimpiga nyuki kama alivyo utapata picha ya takataka. Kwa hiyo kwanza namwogesha. Namtumbukiza kwenye spiriti, namsugua kwa brashi nyembamba, kisha nampulizia mpaka manyoya yasimame. Wako walikuwa wachafu, bambi maskini, vitu vya kahawia vimewagandia tumboni! Nilivitoa vyote.

Halafu nambandika kwenye ncha ya sindano. Nyuma yake naweka karatasi ya buluu, na taa naifunika kwa kikombe cha plastiki ili mwanga uwe laini. Hapo sasa ndipo kazi ilipo. Ukimweka katikati amekuwa mtu wa kitambulisho. Namsogeza kando, namwachia nafasi mbele ya uso, awe na mahali pa kutazama. Na kamera yenyewe inaona vizuri sehemu nyembamba tu kama karatasi, kwa hiyo napiga, naisogeza chini ya upana wa unywele, napiga tena, asubuhi nzima, mpaka kompyuta iziunganishe zote ziwe nyuki mmoja kamili. Baba, ulijua kwamba nyuki ana nywele juu ya macho? Miaka yote nimekula asali yao na sikujua. Na yule wa bawa lililokunjamana nilimwekea mwanga kutoka nyuma, likang'aa kama kioo cha kanisani. Nililia, usimwambie mtu.

Swali lako sikulisahau. Nimewatazama kuanzia ulimi hadi kucha. Hakuna mdudu, hakuna kidonda, ni safi kabisa. Nakutumia picha tatu kubwa ujionee mwenyewe. Kama ni sumu, Baba, basi mwambie Khisa kwa upole. Yule ndiye aliyekuwa ananibeba mabegani kwenda kanisani.

Mwanao akupendaye,
Teresa


Sirisia
2 Julai 2023

Mulembe, mwanangu.

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Mimi sijambo. Nisamehe kwa kuchelewa, yametokea mambo.

Picha zako nilizipeleka barazani mwezi wa tano. Weh! Ungekuwapo. Zilipita mkono kwa mkono mpaka wanawake wa nyuma wakasimama. Niliwaambia, "Huyu ni binti yangu aliyeko Kampala, anaona hata unywele kwenye jicho la nyuki. Ametafuta ugonjwa hakuna, ametafuta mdudu hakuna. Sasa kimebaki nini?" Watu wote wakamgeukia Khisa.

Alisimama na kofia mkononi. Akasema, "Wamalwa, mimi napulizia jioni nyuki wako wakiwa wameingia. Saa hiyo ni wewe mwenyewe uliyenichagulia." Kweli nilimchagulia. Lakini nilikuwa na picha, na yeye alikuwa na mdomo tu. Nikamnyooshea ile ya bawa linalong'aa. Akaitazama weee, mwisho akasema, "Ni mzuri huyu," akaketi. Hakujitetea tena.

Tangu siku hiyo hakuna anayenunua nyanya zake. Wanaziita nyanya za sumu. Ziliozea shambani, naye akang'oa miche yote. Jumamosi rika lilipokaa kunywa busaa, walitoa mrija wake kwenye chungu wakamkabidhi mkononi mbele ya watu. Unajua maana yake. Mtu asiye na mrija hana wa kukaa naye. Nilidhani ningefurahi. Nilikunywa kidogo nikarudi nyumbani.

Lakini kuna jambo silielewi. Nyanya hazipo, dawa haipo, na nyuki bado wanakufa. Watu wanasema sumu imebaki kwenye udongo. Inawezekana. Nakutumia wengine kwenye kiberiti, uwapige vizuri, kanisa linataka kutundika picha moja ukutani.

Baba yako,
Wamalwa


Kamwokya
30 Julai 2023

Mulembe, Baba.

Natumaini mko salama wote. Mimi mwili ni mzima, lakini naandika kwa haraka, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Simu nimepiga tangu jana haipatikani. Soma hii yote kabla hujainuka ulipokaa.

Shafiq alizitazama picha zangu akaniambia, "Teresa, hii nyuki yako iko kama ya prasitiki. Iko safi mpaka inaogopesha." Ilinichoma. Nikasema haya, nitampiga mmoja kama alivyotoka kwenye kiberiti, bila kumwosha, na uchafu wake wote. Nikamgeuza chali, nikaweka mwanga wa pembeni upite juu ya tumbo, ili manyoya yatupe vivuli. Nilikuwa natafuta uzuri tu, Baba. Sikuwa natafuta kitu kingine.

Picha ilipoungana niliona katikati ya pingili za tumbo lile doa la kahawia. Ule uchafu. Nikalikuza. Lilikuwa na miguu.

Nilikimbilia mtungi ninaosafishia brashi. Spiriti ya mwezi wa tatu bado ilikuwamo, sikuimwaga. Niliimimina kwenye sahani nyeupe, na chini kabisa walikuwa wamejaa. Nimewapeleka kwa mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Kyambogo anayesomesha mambo ya wadudu. Hakuhitaji hata kufikiri. Ni utitiri wa nyuki, kama ule wa kuku ila ni wa kwao. Unawanyonya wangali wachanga ndani ya sega, ndiyo maana wanazaliwa mabawa yamekunjamana. Akaniuliza, "Nani aliwaosha hawa wa kwanza?" Nikasema ni mimi.

Ni mimi, Baba. Ulinituma nitafute mdudu, nikamsugua kwa brashi nikamtupa, halafu nikakuandikia hakuna mdudu. Kila mtu wa kazi hii huosha kwanza, lakini wao hawakuwa wameulizwa swali. Mimi niliulizwa.

Khisa hana kosa. Nakuomba, nakupigia magoti, nenda kwake leo. Kisha simama barazani useme binti yako alikosea. Nitaje jina. Nakutumia picha hii mpya, haina uzuri wowote, lakini ioneshe kwa kila mtu aliyeiona ile nyingine.

Mwanao,
Teresa


Sirisia
15 Oktoba 2023

Mulembe, mwanangu.

Habari za siku nyingi? Sisi huku Mungu anatulinda. Mahindi yamekubali mwaka huu, na paa la jikoni nimelibadilisha, halivuji tena. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Ile barua yako niliipata. Niliisoma. Usifikiri sikuisoma.

Teresa, mambo ya huku huyajui. Picha yako imetundikwa kanisani karibu na madhabahu. Jina lako linatajwa vizuri, akina mama wanawaambia mabinti zao wasome wawe kama wewe. Nikisimama leo niseme picha ilidanganya, watakucheka wewe kabla ya kunicheka mimi. Na mimi nilimsimamisha mtu wa rika langu mbele ya watoto. Neno kama hilo halirudishwi mdomoni hivi hivi, linatafutiwa siku yake.

Tena Khisa haendi vizuri. Presha imempanda, hatoki nyumbani, na nasikia dawa anazikataa. Habari nzito haipelekwi kwa mgonjwa. Akipata nafuu nitakwenda, nitachukua na jogoo. Niachie mimi, haya ni mambo ya wazee.

Mzinga wa mwisho umenyamaza wiki iliyopita.

Baba yako,
Wamalwa


Kamwokya
12 Novemba 2023

Mulembe, Baba.

Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mimi sijambo. Silali, lakini sijambo.

Baba yangu, usinilinde. Sikukuomba unilinde! Wacha wanicheke. Mimi niko Kamwokya, kicheko cha Sirisia kitanipata wapi? Kinamkuta Khisa mlangoni kwake kila asubuhi. Mgonjwa ndiye wa kupelekewa habari hii kabla ya mtu yeyote. Wewe unasema ni nzito, mimi nasema nzito ni ile aliyobebeshwa. Hii inamtua mzigo.

Nikikupigia unaniambia mtandao ni mbaya, na mara nasikia redio yako nyuma vizuri kabisa. Tangu lini ukanidanganya? Wewe ndiye uliyekataa kumshtaki kwa uvumi. Ulinitumia kiberiti kwa sababu ulitaka kujua kwanza. Sasa unajua.

Kamera ile ya wadudu sijaishika tangu mwezi wa nane. Napiga pasipoti, nakwenda nyumbani. Shafiq amenipa ruhusa ya Krismasi. Nikifika, hata mfuko sitautua, nitapitia kwa Khisa kwanza. Lakini nakuomba nikute umeshakwenda. Kwa mdomo wako itamponya. Kwa mdomo wangu ataisikia tu.

Mwanao,
Teresa


Sirisia
17 Desemba 2023

Mulembe, Teresa.

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, na sijui kwa nini.

Khisa alifariki Jumatatu. Alianguka akitoka kuoga. Jana tumemzika. Sikutaka uambiwe na mtu mwingine, na kwenye simu nisingeweza kulisema.

Barua yako ilinikuta, na nilikusudia kwenda. Siku moja nilifika mpaka kijitoni na jogoo kwapani. Nikamwona amekaa mlangoni kwake, amekonda, anatazama upande wangu. Nikageuka kana kwamba nilifuata maji. Hilo nalo uliandike, kama unaandika makosa ya baba yako.

Unajua desturi yetu, rika huzikana. Hata mkiwa mmegombana, mwenzako wa kisu lazima aseme neno kabla udongo haujaingia. Watu wakanipisha nisogee. Nilikuwa nimejiandaa, nakuapia. Nilikuwa nimeyapanga tangu usiku, nianze na utitiri, nimalizie na mimi. Nikatazama jeneza, nikatazama wale wazee waliomtolea mrija, nikafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Khisa, ndugu yangu, yaliyopita yamepita. Mbele ya watu wote hawa, mimi nimekusamehe."

Wakalia, Teresa. Wazee wakasema huyo ndiye mwanaume. Mchungaji akasema amin, akanishika bega. Nilisimama pale nikaona bado naweza kuyarudisha, nikasubiri ulimi usogee. Wakaanza kutupa udongo.

Mkewe Juliet alinifuata baadaye, nilikuwa nimejitenga nyuma ya hema. Alisema Khisa kila akisikia hatua uani alikuwa anauliza kama ni Wamalwa. Mpaka siku ile ya mwisho aliuliza. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Asante, shemeji. Angalau amekwenda akiwa amesamehewa."

Nami nikamjibu, "Karibu."

Baba yako,
Wamalwa