Waya Ambao Mjomba Hakuambiwa

Kaka, ngurumo ya ndege niliisikia kabla sijaona kitu. 

Kazi yangu unaijua, kushika bendera mwisho wa shamba la pamba ili mjomba ajue pa kupitisha ndege ya kunyunyizia dawa ya wadudu. Leo kuna waya mpya wa umeme uliokatiza juu ya shamba. Niliuona asubuhi, nikadhani mjomba ameshaambiwa.

Amepita chini yake. Chini ya waya, kaka. Magurudumu yamepangusa pamba, mimi kifudifudi, dawa hadi mdomoni.

Ametua, akanijia moja kwa moja. "Wewe malenga, ule waya ulikuwa unautungia shairi?"

Mimi na mashairi yangu yote, nikaiokota bendera. Halafu nikamwambia, "Mjomba, kuanzia kesho huruki kabla sijalizunguka shamba zima kwa miguu na kukwambia nilichokiona."