Miiba ya Mlangoni

Makanyagio, Mpanda
Jumatano

Mama mdogo Bernadetha, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu yeyote: ni mimi niliyeacha wazi mlango wa bustani.

Lile jalala la nyuma ya soko sisi majirani tulilisafisha kwa kujitolea, tukapanda mboga na maua, tukaweka mabenchi ya kupumzikia. Mzee Malale, tangu afiwe na mkewe, alikuwa anakuja kila asubuhi kumwagilia. Ijumaa ilikuwa zamu yangu kurudisha matawi ya miiba mlangoni, nikasahau. Ng'ombe wake wakaingia, wakala miche yote. Watu wakadhani amewafungulia yeye.

Mama Shamsia, mmoja wetu, akamfokea, "Ng'ombe wako hawakusoma kibao cha mlangoni?"

"Hawakufika hata darasa la kwanza, mama."

Watu walicheka, lakini wakamkataza kukanyaga tena bustanini. Mimi niliyemaliza kidato cha nne nikainamia jembe, nikaendelea kulima.

Sasa anakaa ng'ambo ya barabara, anatutazama tukipanda upya, dumu lake la maji likiwa miguuni.

Jumamosi tuna kikao. Nitasimama niseme. Tafadhali, usimwambie mama kabla ya siku hiyo. Nataka asikie kwangu.

Mwanao,
Suzana