Namba Thelathini na Moja

Haya mdaku wangu, sogea. Hizi ni barua zangu na za shangazi yangu, aliyenilea tangu sijang'oa jino la kwanza. Nakuonyesha kwa sababu nimekwama. Soma mpaka mwisho, nitakuuliza kitu.

3 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Miguu imeacha kuvimba? Mimi mzima, na nakula, usianze.

Kaa kwanza. Paroko amenipa kazi ya kuandika historia ya shule ya parokia, ile ile uliyofundisha! Jubilei ya miaka hamsini. Nikamwambia, "Baba, mimi niliishia darasa la saba." Akasema, "Na barua za nusu ya parokia anaziandika nani? Acha maringo." Basi wamenifungulia chumba nyuma ya sakristia, madaftari ya mahudhurio mpaka darini, napiga chafya kama injini mbovu.

Sasa sikia. Darasa la nne, kila mwaka, namba thelathini na moja haina jina. Mstari mtupu! Lakini ina alama ya kuwepo kila siku, miaka arobaini na sita. Jana nikaenda kusikiliza wakiita majina. Mwalimu alipofika thelathini na moja akanyamaza. Watoto nao kimya. Kisha akaweka alama, akaendelea. Nikamuuliza. "Ndivyo nilivyolikuta," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza niliiruka. Wakaniambia wote kwa pamoja: Mwalimu, bado mmoja."

Shangazi, ule ukimya wao si wa kusubiri. Ni wa kusikiliza. Wewe ulikuwa mwalimu wa darasa la nne. Nani huyo?

Mwanao,
Kiroboto

11 Mei

Mwanangu Kiroboto,

Marahaba. Sijambo, miguu ndiyo hivyo, uzee hauna dawa. Nimefurahi umepewa kazi ya heshima. Andika masista walivyofyatua matofali kwa mikono yao. Andika kwaya, andika na ule mwaka paa liliezuliwa na upepo. Mengine ni mazoea tu, watu huyafuata bila sababu. Kula vizuri, na usikae sana kwenye hicho chumba.

Shangazi yako

14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hali yako? Yangu si nzuri, nitakwambia kwa nini.

Nimelipata daftari la mwaka mstari ule ulipoanza kuwa mtupu. Mwandiko wako. Jina limekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi imetoboka. Katekista mzee kaniambia mwenye jina alikuwa binti wa dobi wa masista, alitoroka shule mchana, akatumbukia kwenye shimo la kokoto akirudi kwao.

Na mama yake yupo! Bado anafua. Nilimkuta na povu mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Wangu alikuwa mtoro, mwanangu. Usimwandike, tutachekwa." Hata mazishini hakulia, Shangazi. Aliona haya.

Kitabu kinachapwa tarehe nne Juni. Niambie.

Mwanao,
Kiroboto

27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu usiulize.

Siku ile tulikuwa na ugeni wa mkaguzi. Mwalimu mkuu alitaka daftari safi, nami nikaweka alama wote wapo, kwa wino, kabla kengele haijalia. Wakaja thelathini. Nikasema atakuja, nitarekebisha. Sikurekebisha.

Jioni mama yake akaja kumuulizia. Mwalimu mkuu akamfungulia daftari. "Alikuwepo, tazama mwenyewe. Atakuwa katoroka." Mimi nilisimama pale pale, chaki mkononi, nikanyamaza. Wakamtafuta darini, vyooni, bustanini kwa masista. Njia ya kwao hawakuigusa, maana daftari lilisema alishafika. Kumbe alitumbukia asubuhi, akija. Walimpata siku ya tatu. Mganga wa zahanati alininong'oneza kwamba mwili ulikuwa bado na joto.

Asubuhi ya baada ya mazishi nilifungua daftari, nikashindwa kuandika hayupo. Jina nililikwangua, alama nikaendelea kuweka. Walionifuata wakadhani ni sheria ya shule.

Usimwambie mama yake wewe. Hili ni langu. Nakuja Jumamosi. Mwambie tu ana mgeni. Na usiandike lolote kabla sijamtazama usoni.

Shangazi yako

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Umepatwa na nini? Jumamosi nilikaa kituoni kuanzia basi la kwanza hadi la mwisho. Jirani yako anasema u mzima, ila umejifungia.

Dobi hafui siku ya tatu sasa. Amevaa gauni la kanisani. Jana kaniuliza, "Huyo mgeni ananijua, au anamjua mwanangu?" Nikajifanya nakohoa.

Mimi si hakimu wako. Nikiumwa ulikuwa hulali. Lakini nijibu, hata neno moja. Barua hii nimempa dereva wa basi akupe mkononi.

Mwanao,
Kiroboto

Basi, mdaku wangu, hizo ndizo zote. Leo ni tarehe nne. Dereva amerudi. Anasema shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamuuliza kama njia ni nzuri, akafunga mlango. Jibu hakuna.

Paroko kasema ataweka nitakachoandika. Mpiga chapa yuko mlangoni anatikisa funguo, "Kiroboto, leo huruki?" Ukurasa wa darasa la nne bado mweupe. Nikiandika, namzika mtu aliyenilea angali anapumua. Nisipoandika, mtoto yule ataendelea kuwa mtoro mdomoni mwa mama yake mzazi.

Na huyo dobi, namwona dirishani, anavuka uwanja wa shule na gauni lake. Darasa la nne wanaita majina. Wamenyamaza. Naye amesimama katikati ya uwanja, amegeuza kichwa.

Anakuja kwangu sasa. Wewe ungemwambia nini?