Kitanda cha Chumba cha Nyuma

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limepoa. Sisi tupo, ila tangu tumzike Mama nyumba imekuwa kubwa mno.

Umeuliza mbona nimekuwa kimya. Ni kinyaa, dada. Tangu wafute ile sehemu ya kumpima mgonjwa kwa mikono katika mtihani wa leseni ya udaktari, wakabakiza kuchagua majibu kwenye kompyuta, chuo kimekuwa kikijitupa kipande kipande. Mwezi huu zamu imefika maktabani kwangu. Wamejaza skrini, vitabu wamevimwaga uani vinanyeshewa, na wanafunzi wanakariri maswali ya zamani kama kasuku. Nilipolalamika, mkuu wa chuo alicheka, akasema kisichotahiniwa hakisomwi, na mimi nizoee kupangusa skrini. Nilitamani kumtapikia viatu.

Unakumbuka Mama alipokuwa mgonjwa wa mazoezi? Kila msimu wa mtihani alilala kwenye kile kitanda cha chumba cha nyuma ya maktaba, wanafunzi wakimbonyeza tumbo. Mama alimtania mwenye mikono ya baridi akaipashe moto kwanza, kwani yeye Mama hajafa bado. Kitanda hicho nacho nilikikuta uani, kimelowa.

Kuna jambo sikukuambia msibani. Mama alipoanza kuumwa, alionwa na daktari kijana wa chuo chetu, zao la mtihani mpya. Alimuuliza maswali macho yakiwa kwenye skrini, akamwandikia dawa ya kiungulia. Mama akamwambia taratibu, mwanangu, mbona hujanigusa. Akajibu hakuna haja. Uvimbe uliokuja kumuua ulikuwa chini ya mbavu za kulia, mkubwa kama yai. Hata sasa nikiukumbuka uso wa yule kijana, natamani kutema mate.

Kitanda nilikichukua, kipo sebuleni. Jumamosi wanakuja wanafunzi wachache wanaotaka kujifunza, nami nalala alipolala Mama. Nawatania vilevile. Juzi binti mmoja alinipapasa, akarudia. Mkono wake ulisimama chini ya mbavu za kulia. Akasema polepole, shangazi, vaa viatu, twende hospitali.

Huko wamesema uvimbe tumeuwahi. Nitapasuliwa wiki ijayo. Njoo, dada. Utalala chumbani kwa Mama. Kitanda cha sebuleni kina kazi.

Nisalimie shemeji, na wanangu uwabusu.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba wa Mama