Udongo Uliokunywa Dizeli

Jumatatu, 7 Julai 1975
Kumwagilia mchicha, kama kila asubuhi baada ya sala. Baridi ya ziwa inauma vidole. Wanaume walikuwa wanashusha pipa la dizeli ya mashine ya kusaga. Likawaponyoka, likabingirika mpaka kwenye bustani yetu akina mama, kizibo kikafyatuka. Nusu ya bustani imekunywa dizeli. Mchicha umelala chini. Nimelia mbele za watu, sina aibu.

Jumatano, 9 Julai
Kikao. Mwenyekiti wa kijiji kasema mvua za vuli zikianza na hakuna kilichoota pale, panajengwa ghala. Sisi tutapewa eneo kule mlimani. Mlimani hakuna maji. Bibi Nyamizi, mkubwa wetu, atapandaje na ndoo kichwani? Na watoto watakula ugali na nini? Nimesimama nikasema udongo utapona. Ujasiri ule sikuutoa kwangu. Ni wa Mungu.

Jumamosi, 12 Julai
Bwana shamba amekuja kutoka Misungwi. Kijana mpole, kaniamkia shikamoo. Anasema mna vijidudu udongoni, havionekani kwa macho, vinakula mafuta. Vinataka samadi, unyevu, hewa na joto. Wakati wa baridi vinasinzia. Joto! Kwetu Bukoba ndizi za pombe tunazifukia shimoni na kuzifunika majani, zinaiva hata mvua inyeshe wiki nzima. Nimeshajua la kufanya.

Jumatano, 16 Julai
Tumechimbua udongo wote mchafu, tukauchanganya na samadi na pumba za mpunga, tukaurundika. Juu majani ya migomba, tukayakandamiza kwa mawe. Masanja, mwendesha mashine, kasimama anacheka. "Mama Koku, Wahaya mnaivisha hata udongo? Tuje na mirija ya kunywea pombe lini?" Nikamwambia, "Njoo na jembe kwanza, shemeji. Pipa lilikuponyoka wewe." Akatafuta kazi ya kufanya mashineni.

Jumapili, 3 Agosti
Baada ya misa nimefunua pembe moja. Dizeli inanuka vile vile, na juu yake uvundo wa yai viza. Udongo wa baridi kama samaki. Nimekasirika. Nimemkasirikia na Mungu, kisha nikatubu. Ndipo nikakumbuka: hewa. Kijana alisema hewa, mimi nikashika joto peke yake. Nimeuziba udongo pua na mdomo. Kosa ni langu.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimewaambia wenzangu wazi. Bibi Nyamizi kacheka mpaka kakohoa. "Mwanangu, wewe unajiamini mpaka unatisha. Haya, lete jembe." Tumefumua lundo lote. Chini tumetandika mabua ya mtama ili hewa ipite, juu nyasi kidogo tu za kuzuia baridi. Tutakuwa tunaligeuza kila Jumatatu. Masanja kaleta mkokoteni wa samadi mbichi kutoka zizi la baba yake. Akaimwaga mwenyewe. Nami sikumchokoza.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Moto! Kama mtoto mwenye homa. Upepo wa ziwa unatutetemesha, lundo lenyewe linafuka mvuke. Masanja naye kaingiza wake, kauchomoa haraka. "Mama Koku, nikalete mirija?" Tumecheka wote. Asante Bwana.

Alhamisi, 11 Septemba
Tumetandaza udongo. Unanukia shamba. Ule wa pale kizibo kilipofyatukia bado una harufu, tumeurudisha kwenye lundo, nao zamu yake itafika. Tumepanda kunde. Mwenyekiti kapita na watu wawili, wakapima eneo la ghala kwa kamba mbele yangu. Nikaendelea kufukia mbegu. Waliona, sikuwa na haja ya kuwaeleza.

Jumamosi, 20 Septemba
Mawingu upande wa ziwa. Mwenyekiti kaja asubuhi, peke yake. Kachuchumaa, kachota udongo, kanusa. Kisha kawaambia vijana matofali ya ghala wayashushe upande wa pili wa mashine.

Bibi Nyamizi alikuwa anamwagilia kwa kopo. Nimekaa karibu naye. Kunde zimetoka, nyingine bado zimejitwika ganda la mbegu kichwani.