Jiwe la Mbele

Verna mwanangu,

Nimeondoka kwenda kambini kwetu kaskazini. Wape mbwa samaki wakavu, mkate ule wewe. Jiko la kuni usilijaze, linavujisha moshi. Nitarudi ~~Jumapili~~ Jumatano. Jumapili ilikuwa hesabu ya makafi mawili, na sasa napiga kafi peke yangu.

Asubuhi ulinikuta nikipakia jiwe mtumbwini, ukacheka: "Baba, siku hizi unatembeza mawe?" Nikakununia bure. Mtumbwi ukikosa uzito mbele huinuka, upepo ukauzungusha. Pale mbele alikaa marehemu mama yako miaka arobaini, na mimi sijawahi kwenda bila yeye.

Tumbaku ya kuutambikia mto kabla ya safari nimechukua. Shali ya mama yako usiitafute kabatini. Nimelifunika nayo lile jiwe, maana mtoni kuna baridi.

Baba