Chen na kamba zangu

Jumatano, baada ya Isha

Leo Chen kanishinda, ila hajui kwamba najua.

Huyu dereva rafiki yangu alitumwa na bosi wake akachukue pikipiki ya theluji kwenye maonyesho huku Pazhou, aipeleke ghalani kwa pikapu. Ikianguka, kazi hana. Akanipigia mimi. Amwite nani mwingine? Nimefunga mabati na majenereta Kariakoo miaka thelathini, sijadondosha hata msumari.

Alitaka kutumia mikanda yake. Nikamwambia kwa Kichina, "Pengyou, rafiki, mikanda hiyo ya kufungia magodoro. Kaa pembeni." Nikafunga kwa kamba, mafundo yangu yaleyale.

Kumbe dude lile lina springi. Kila tukipita tuta linazama, kamba zinalegea. Nikajifanya nimesinzia. Chen akasimama, akashuka taratibu. Nikamchungulia kwenye kioo: akaligandamiza kwa mikanda, kisha akazirudisha kamba zangu juu zionekane.

Ghalani bosi akauliza nani kafunga vizuri hivi. Chen akaninyooshea mkono. "Huyu mzee wangu."

Nikapokea sifa. Hata mke wangu nimemwambia kwenye simu nilifunga mimi.

Hapa naandika ukweli. Alifunga Chen. Mungu amtunze.